Asiyehesabiwa na barabara yake haipo: Hali ya vijiji kati ya Busia na Tororo

Na Mwandishi Wetu

BODA BODA ilizaliwa Busia. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki leo Nairobi, Kampala na hata Kigali huenda hawalijui hilo, lakini wazee wa mpaka huu wanalikumbuka vyema.

Katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na mwendo wa karibu kilomita moja. Magari ya abiria hayangeweza kuuvuka bila makaratasi mengi. Msafiri alishuka basi upande mmoja, akabeba mizigo yake kichwani na kutembea hadi upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki hapo. Walifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli na kuwaita abiria kwa neno moja la Kiingereza walilolirudia mara mbili, wakimaanisha kutoka mpaka hadi mpaka. Neno hilo sasa limeenea kote Afrika Mashariki.

Ajabu ni kwamba mpaka uliolipa eneo zima usafiri huu ungali na vijiji ambavyo haviwezi kufikiwa kwa chombo kingine chochote. Wageni wanajua barabara kuu mbili, ile ya Kisumu inayoingia Uganda kupitia Busia na ile ya Eldoret inayoingia kupitia Malaba na kuelekea Tororo. Kati ya barabara hizo mbili kuna mamia ya vijiji. Humo ndimo mahindi, mihogo, maharagwe na mtama unaouzwa masokoni hutoka. Humo pia ndimo wengi wa wasomaji wangu walizaliwa, na ndimo wanamorudi.

Nimevizunguka vijiji hivi pande zote mbili: Alupe, Adungosi, Chakol na Amukura nchini Kenya, Buteba na Busitema katika wilaya ya Busia, Uganda, na Osukuru, Kwapa na Mella katika wilaya ya Tororo. Swali nililokuwa nikijiuliza ni hili: Je, kuna uhusiano gani kati ya idadi ya watu wanaoishi kijijini na barabara inayofika, au isiyofika, kijijini humo?

Miji miwili, njia mbili

Ili kuelewa hali ya sasa, lazima turudi nyuma kidogo.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa pili wa utawala wao. Waiteso wakajikuta chini ya serikali mbili, na Wasamia vivyo hivyo. Mtu alikuwa na shamba huku na wakwe zake kule. Hali ni hiyo hiyo hadi leo.

Tororo ulikuzwa na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilipita Nakuru na Eldoret, ikaingia Uganda kupitia Malaba na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ukawa njia panda, kwa kuwa hapo tawi lingine lilielekea kaskazini hadi Mbale na Soroti. Baadaye kiwanda cha saruji kilijengwa karibu na mawe ya chokaa ya eneo hilo. Mji ukawa na kazi, na treni ikawa na mzigo.

Busia haukupata reli. Wenyewe uliishi kwa barabara na kwa lile pengo la kilomita moja lililowapa kazi watu wa baiskeli, wapagazi, wabadilishaji fedha na mama lishe.

Treni za abiria kati ya Nairobi na Kampala zilipokoma katika miaka ya 1990, biashara ya abiria ilibaki mikononi mwa mabasi, matatu na teksi. Matokeo yake yanaonekana katika hesabu za Uganda. Mwaka 2002 mji wa Busia, Uganda, ulikuwa na watu wapatao 36,600 na Tororo 34,800. Mwaka 2014 Busia ulikuwa umefika karibu 56,000, huku Tororo ukiwa na karibu 42,000. Kwa miaka 12 Busia uliongeza zaidi ya nusu ya watu wake, nao Tororo uliongeza kama mtu mmoja kwa kila watano.

Kwa ufupi, watu hufuata njia. Njia ikipata uhai, mji hupata watu. Ikidorora, mji nao husimama.

Wengi hawaishi mjini

Lakini miji isitudanganye. Wilaya ya Busia, Uganda, ambayo ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, ilikuwa na watu zaidi ya 323,000 katika hesabu ya 2014. Ukiondoa wale wa manispaa, unabaki na zaidi ya watu 80 kwa kila 100 wanaoishi nje ya mji wa mpakani. Wilaya ya Tororo ilikuwa na watu wapatao 517,000, na zaidi ya 90 kwa kila 100 waliishi nje ya manispaa ya Tororo.

Upande wa Kenya, Kaunti ya Busia ilihesabiwa kuwa na watu 743,946 mwaka 2009 na 893,681 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la asilimia 20 kwa miaka 10, ilhali Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Hata hivyo, kila kilomita moja ya mraba ya kaunti hii ilikuwa na wastani wa watu 527. Mashamba yamegawanywa vipande vidogo vidogo, na kutoka boma hadi boma ni hatua chache tu.

Hapa ndipo kuna jambo linalowapotosha wengi. Mtu akisikia kijiji hakina barabara, hudhani ni kijiji cha watu wachache porini. Vijiji vya mpaka huu si hivyo. Watu wamejaa, lakini kwa kuwa wameenea kila mahali badala ya kukusanyika pamoja, hakuna pahali pamoja ambapo barabara moja ingewafaa wote. Ukiweka lami katikati, bado kuna watakaotembea saa nzima kuifikia. Ndiyo maana kijia cha baiskeli kimepata umuhimu kiasi hiki. Kinaingia hadi mlangoni.

Gunia kumi, safari kumi

Mfanyabiashara wa nafaka anayajua haya bila kuelezwa. Lakini wewe uliyerudi juzi kutoka mjini ukiwa na wazo la kununua mahindi kijijini na kuyauza mpakani, hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme umenunua magunia 10 ya kilo 90 kutoka kijiji kilicho kilomita nane kutoka barabara ya lami. Mvua imenyesha na lori haliwezi kuingia. Pikipiki moja itabeba gunia moja kwa salama. Kwenda na kurudi ni kilomita 16, mara 10 ni kilomita 160. Lori dogo lingefanya kazi hiyo kwa safari moja ya kilomita 16. Yaani kwa kukosa barabara, mahindi yako yametembezwa mara 10 zaidi kabla hayajafika hata penye lami.

Nani anayelipa? Si mnunuzi wa Kisumu, kwa maana yeye ana bei yake ya soko. Wala si mwenye lori. Gharama hiyo hukatwa kwenye bei anayopewa mkulima, na inayobaki hukatwa kwenye faida yako. Ndiyo sababu bei ya mahindi shambani na bei ya mahindi hayo hayo mpakani hutofautiana sana, hata pale ambapo mwendo wenyewe ni mfupi.

Na mahindi ni afadhali, maana hayavunjiki wala hayaozi kwa siku moja. Mayai, nyanya, ndizi na samaki havivumilii mashimo wala kulala njiani. Mchuuzi wa omena, ambao Waganda huwaita mukene, anajua kwamba mvua ya jioni moja kabla ya kufika sokoni inaweza kumaliza mtaji wake.

Zaidi ya bidhaa kuna uhai. Mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kusubiri udongo ukauke. Atawekwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na jamaa yake, waende hivyo hadi zahanati au hospitali. Sina haja ya kueleza zaidi. Waliolelewa huku wanajua visa vya namna hiyo katika familia zao.

Kilomita mbili

Wataalamu wa uchukuzi wana kipimo chao cha jambo hili. Benki ya Dunia ilikianzisha katika miaka ya 2000, na sasa kimo katika malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa. Huulizwa hivi: Kati ya watu wote wa mashambani, ni wangapi wanaoishi umbali usiozidi kilomita mbili kutoka barabara inayopitika mwaka mzima? Kilomita mbili ni mwendo wa karibu nusu saa kwa mtu mwenye mzigo.

Sikiliza vizuri maneno 'mwaka mzima'. Barabara inayopitika Januari na kugeuka mtumbwi mwezi wa Aprili haihesabiwi. Kwa kipimo hicho, njia nyingi tunazozionyesha wageni wakati wa kiangazi si barabara kamwe.

Nchini India serikali ilichukua hatua ambayo inafaa kutajwa hapa. Mnamo Desemba 2000 ilianzisha mpango wa kitaifa wa barabara za vijijini na kuweka sharti lililo wazi: Kila makazi yenye watu 500 au zaidi katika maeneo tambarare, na watu 250 au zaidi katika maeneo ya milima, ya jangwa na ya makabila ya asili, yaunganishwe kwa barabara ya kupitika mwaka mzima. Mwanakijiji akajua kwamba idadi ya watu wake ndiyo tikiti yake. Akiwa na watu 500 na barabara hana, ana msingi wa kudai.

Kwetu hakuna sharti la wazi namna hiyo. Lakini idadi ya watu inatumika, ila kwa njia ya kuzunguka.

Nchini Kenya, fedha zinazopelekwa katika kaunti hugawanywa kwa fomula inayoidhinishwa na Bunge. Katika fomula ya kwanza, iliyoanza kutumika baada ya ugatuzi kuingia 2013, idadi ya watu ilichukua asilimia 45 ya mgao. Fomula ya tatu ilizua mvutano mkali katika Seneti kabla ya kupitishwa Septemba 2020. Hiyo ilichukua nusu ya mgao wa mwaka 2019/20 na kuigawa kama awali, kisha ikagawa zilizosalia kwa vigezo vinane. Idadi ya watu ilipewa asilimia 18. Barabara nazo zilipewa asilimia nane, na hapo hali ya wakazi wa mashambani wasiofikiwa na barabara ikawa na uzito. Vigezo hubadilika, lakini idadi ya watu haijawahi kukosekana katika fomula yoyote.

Uganda ina mchanganyiko wake. Katika mpango wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa Februari 2022, kila parishi ilitengewa Sh100 milioni za Uganda kwa mwaka kwa ajili ya mikopo ya wanachama. Kiasi kilikuwa hicho hicho, parishi iwe na watu wengi au wachache. Parishi ya mpakani iliyojaa watu ilitengewa sawa na ile yenye nafasi. Kwa hiyo kuna fedha zinazofuata vichwa na nyingine zinazofuata mipaka ya utawala, na ni vyema raia ajue ni zipi.

Ulilala wapi usiku huo?

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya.

Kenya na Uganda huhesabu watu kulingana na mahali walipolala usiku wa hesabu. Kenya ilifanya hivyo usiku wa Agosti 24, 2019. Uganda ilifanya hivyo usiku wa Mei 9, 2024 na kupata watu milioni 45.9 nchini kote. Kwa mtu wa Nyeri au Mbarara hilo halina utata. Kwa mtu wa mpaka lina utata mwingi.

Mchukue mchuuzi ambaye nyumba yake iko Buteba lakini amekodi chumba Busia upande wa Kenya ili awahi soko asubuhi. Usiku wa hesabu ya Kenya alikuwa chumbani mwake, basi akahesabiwa Kenya, mjini. Usiku wa hesabu ya Uganda, miaka mitano baadaye, huenda alikuwa huko huko sokoni, basi Uganda haikumpata. Kijiji chake, ambacho watoto wake wanasoma na ambacho ng'ombe wake wanalishwa, kikapungukiwa mtu mmoja. Mwingine bahati yake ni kinyume, akahesabiwa pande zote mbili.

Mmoja si kitu. Lakini zidisha kwa wachuuzi wote, waendeshaji wote wa boda boda, vibarua wote wanaolala mjini. Vijiji vinaonekana vidogo kwenye makaratasi kuliko vilivyo wakati wa mavuno au Krismasi. Miji inaonekana mikubwa, na fedha hufuata makaratasi.

Mpaka huu una historia ya watu kuhama na kurudi. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Waganda wengi walikimbilia Kenya kupitia hapa. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa kwa muda. Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka kwenda Uganda kupitia Busia na Malaba. Baadhi yao walipokewa katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mpaka ulifungwa kwa abiria na watu wakanaswa upande ambao si wao.

Kila mara watu hurudi. Anayerudi hukuta kijia chake cha zamani kimelimwa na jirani, au kimezibwa kwa ua. Ardhi imegawanywa kwa ndugu na kila mmoja amevuta mpaka wake hadi mwisho. Njia ambayo zamani gari lilipita leo haipitishi mkokoteni. Si serikali iliyochukua barabara hiyo. Ni sisi wenyewe.

Forodha ya pamoja na njia za panya

Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mnamo Februari 24, 2018. Msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Kwa mwenye lori la masafa marefu hiyo ni nafuu kubwa, ingawa Januari 2022 masharti ya kupima korona yalisababisha foleni ya malori ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba.

Mchuuzi mdogo naye ana haki zake. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani zinaweza kuvushwa kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa papo hapo mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Huhitaji wakala.

Kwa nini basi njia za panya hazijakauka? Baadhi ya watu hukwepa sheria, hilo halina ubishi. Lakini kuna wanaokwepa umbali. Mkulima aliye kijijini katikati ya Busia na Malaba anamwona jirani yake ng'ambo ya kijito. Kumuuzia magunia mawili kwa njia halali, lazima ashuke hadi Busia au apande hadi Malaba, avuke, kisha arudi upande wa pili hadi pale pale alipokuwa akiangalia. Miji hiyo miwili iko umbali wa karibu kilomita 30, na sehemu ya safari ni ya pikipiki kwenye matope. Kijito chenyewe anakivuka kwa dakika tano.

Ukitaka mtu huyo apite forodhani, mpe kwanza barabara ya kufika huko. Askari peke yao hawatatosha.

Na mambo makubwa zaidi yanakuja. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya zaidi ya kilomita 270 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo itapita wilaya ya Tororo. Wenye mashamba watazungumza kuhusu fidia, na ni haki yao. Lakini waulize pia jambo jingine: vivuko vya watu, mifugo na pikipiki vitawekwa wapi? Reli isiyo na vivuko hugawa kijiji vipande viwili kama mpaka mwingine.

La kufanya

Nimeona wananchi wakilalamika kwa mtu asiyehusika, wakazungushwa mwaka mzima. Kwanza jua mwenye barabara. Nchini Kenya, barabara kuu za kitaifa zina mamlaka yake, nyingine za mashambani ziko chini ya mamlaka ya barabara za vijijini, na nyingi ndogo ni za kaunti. Uganda nayo ina barabara za kitaifa, ambazo tangu 2024 zimerudishwa wizarani, za wilaya, na vijia vya jamii vinavyosimamiwa na kaunti ndogo. Kijia chako kikiwa cha kaunti ndogo, kwenda kwa waziri ni kupoteza nauli.

Pili, hudhuria vikao. Bajeti ya kaunti nchini Kenya haiwezi kupitishwa kihalali bila kushirikisha umma, na Uganda ina mikutano ya baraza la kijiji. Nenda ukiwa na hesabu, si kilio tu: nyumba ngapi, wanafunzi wangapi, magunia mangapi kwa msimu, kilomita ngapi hadi lami, miezi mingapi njia haipitiki. Kamati ya wachuuzi inaweza kukusanya takwimu hizo kwa wiki moja kwa daftari na kalamu.

Tatu, rudisheni njia mlizozilima. Tingatinga haliwezi kusawazisha barabara iliyogeuzwa kuwa shamba la mihogo.

Nne, hesabiwa. Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka 10, na zamu ijayo ni 2029. Ikiwezekana, lala kwako usiku huo. Siku moja ya soko ukiikosa, hutafilisika. Kijiji chako kikipungukiwa watu kwenye vitabu vya serikali, kitasubiri miaka 10 mingine kabla ya kusahihishwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wenye baiskeli wa Busia hawakungoja mtu awaletee usafiri. Walikuwepo, wakaona pengo la kilomita moja na kulijaza. Pengo lililobaki sasa si la kutoka forodha hadi forodha, bali la kutoka barabarani hadi nyumbani. Hilo baiskeli peke yake haiwezi kulijaza.